Je, wajua ni nani anayelipa unapopiga nambari ya 0800?

Ukishuka bandarini Malindi, hapa Unguja, au ukipita Darajani, utakuta nambari za simu kwenye mabango, magari na milango ya maduka. Baadhi huanza na 024, nyingi huanza na 06 au 07, na chache huanza na 0800. Wengi wetu huzisoma kana kwamba zote ni za aina moja, tukijali tu tarakimu za mwisho zisitutoke kichwani. Hali halisi ni kwamba tarakimu za mwanzo ndizo zenye habari kubwa zaidi, kwa kuwa zinaeleza simu inaelekea wapi na gharama yake inabebwa na nani.

Tuanze na 024. Simu za mezani nchini zimegawanywa kwa kanda: 022 ni Dar es Salaam, 026 ina Dodoma na jirani zake, 027 ina Arusha, Kilimanjaro na Tanga, na 024 ni Unguja na Pemba kwa pamoja. Ofisi ya Vuga na duka la Wete hutumia msimbo huo mmoja, na anayeuona kutoka Mwanza hujua papo hapo kwamba anapiga visiwani. Katika mpango wa misimbo ya nchi uliotengenezwa duniani miaka ya 1960, Zanzibar ilitengewa msimbo wake, 259, lakini haukuwahi kutumika, na hadi leo tunapigiwa kwa 255 pamoja na Tanzania nzima.

Simu za mkononi hazikufungwa na mahali, bali zilifungwa na kampuni. Mwenye 0777 alijulikana kuwa ni wa Zantel, na mpigaji aliweza kukisia gharama kabla ya kubonyeza. Tangu Machi 2017, mteja ameruhusiwa kuhama mtandao bila kubadilisha nambari, kwa hiyo ishara hiyo sasa haitegemewi. Hata hivyo, nambari ya mkononi bado inakwenda kwenye laini moja, na laini hiyo ikizimwa, biashara nayo imezimika.

Nambari ya 0800 ni kitu tofauti kabisa, kwa sababu si laini. Mfano ulio karibu nasi ni sanduku la posta: barua inayoandikwa S.L.P. humfikia mwenyewe ingawa mwandishi hajui nyumba yake iko mtaa gani, na mwenye sanduku akihama kutoka Mwanakwerekwe kwenda Fuoni, anwani yake haibadiliki. Vivyo hivyo, unapopiga 0800, mitambo ya kampuni ya simu huitafuta nambari hiyo katika daftari lake la kielektroniki, ikasoma nambari halisi iliyoandikwa mbele yake, kisha ikaipeleka simu huko. Kwa kuwa daftari hilo linaweza kuandikwa upya wakati wowote, mwenye nambari anaweza kuagiza kwamba mchana simu ziende ofisi ya mjini, usiku ziende kwa mtu wa zamu aliyeko Chake Chake, na laini ya kwanza ikiwa na mtu, ya pili ipokee. Mpigaji hajui lolote kati ya hayo, wala hana haja ya kujua.

Mfumo huu haukuzaliwa mkamilifu. Kampuni ya AT&T ya Marekani ilipoanzisha nambari za 800 mwaka 1967, tarakimu zake bado zilifungamana na eneo, hata hoteli ikalazimika kuwa na nambari moja kwa wapigaji wa jimbo lake na nyingine kwa wa majimbo mengine. Daftari la pamoja lilipoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndipo nambari moja ilipoweza kupigwa nchi nzima.

Sasa tuje kwenye fedha. Katika simu ya kawaida, mpigaji hulipa kampuni yake, na kampuni hiyo huilipa kampuni ya mpigiwa ada ya kuipokea simu. Hapa Tanzania, ada hiyo hupangwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na imeteremshwa sana, kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2.00 mwaka 2022, jambo lililosaidia kuleta vifurushi vya dakika za mitandao yote. Kwa 0800 mkondo unageuka: mpigaji halipi, na mwenye nambari ndiye anayeletewa hesabu ya kila dakika, zikiwemo dakika za waliokosea nambari na za watoto wanaochezea simu ya mzazi. Kwa nambari za 0900 mpigaji hulipa zaidi ya simu ya kawaida, na sehemu ya fedha hizo humfikia mwenye nambari.

Kati ya ncha hizo mbili ndipo watu wengi wanapoumizwa, na yaliyotokea Uingereza yanastahili kujulikana na kila mfanyabiashara. Huko nambari za 0845 zilitangazwa kwa muda mrefu kuwa zinapigwa kwa bei ya simu ya karibu, na wakati wa simu za mezani maelezo hayo yalikuwa na maana. Simu za mkononi na vifurushi vya dakika vilipoenea, nambari hizo zikabaki nje ya vifurushi, hivyo mteja mwenye dakika tele akawa anakatwa fedha za ziada kwa kuipigia benki yake. Mwaka 2007 zikaanzishwa nambari za 03, ambazo hazina mji lakini hutozwa sawa na simu ya mezani na huingia katika kifurushi. Hata 0800 zilikuwa na gharama zikipigwa kutoka simu za mkononi, mpaka tarehe 1 Julai 2015. Kuanzia siku hiyo pia, bei ya 084, 087 na 09 ilitakiwa kutajwa kwa mafungu mawili, moja la kampuni ya simu ya mpigaji na jingine la mwenye nambari, ili mtu aone wazi nani anachukua nini. Naona hilo ni jambo la haki kabisa.

Kwetu, ambako wengi hupiga kwa bando la siku au la wiki, swali la kwanza la mfanyabiashara liwe hili: je, mteja wangu akiwa na dakika lakini hana salio, simu yake itanifikia? Kwa 024 au nambari ya mkononi, dakika za mitandao yote kwa kawaida hutosha, ila masharti ya bando yasomwe. Kwa 0800, hakikisha kwamba inapigika kutoka kila mtandao, kwani nambari iliyokodiwa kwa kampuni moja huenda isipitishwe na nyingine mpaka wakubaliane.

Kliniki, mamlaka ya maji au huduma ya kupokea malalamiko inafaa kuwa na 0800, kwa kuwa mwenye shida haifai azuiwe na kukosa vocha. Ndiyo sababu 112 ya dharura na 116 ya kuwasaidia watoto hazitozwi. Lakini tuseme una nyumba ya wageni Jambiani, na wageni wako wanatoka Italia na Ujerumani. Nambari ya 0800 ya nchini kwa kawaida haipigiki kutoka ng'ambo, kwa hiyo ukiitegemea hiyo peke yake, unawafungia mlango wale hasa unaowasubiri. Bora uandike +255 24, ukiiondoa sifuri ya mwanzo, au nambari ya mkononi yenye WhatsApp. Hata nambari ya mezani inaweza kusajiliwa katika WhatsApp Business, kwa kuwa namba ya uthibitisho hutolewa kwa kupigiwa simu.

Mawasiliano ya simu ni jambo la Muungano, kwa hiyo nambari za visiwani nazo hugawiwa na TCRA kwa kampuni zenye leseni, nawe hukodi kutoka kwa kampuni hizo. Kabla ya kutia saini, uliza bei ya dakika kwa simu zitokazo mezani na kwa zitokazo mkononi, uliza ada ya kila mwezi, na uliza kama nambari itabaki yako ukihama kampuni, kwani bango lililokwisha chorwa ukutani ni gharama kulifuta. Ukishaipata, azima simu za mitandao yote uipigie mwenyewe, kisha kando yake uandike neno "bure" ikiwa zote zimeita na hakuna iliyokatwa hata senti. La sivyo, itaje mitandao ile tu iliyokubali.