Je, wajua kwa nini nesi hataki mjamzito angoje hadi uchungu uwe mkali?

Mama ana ujauzito wa wiki 29. Tangu asubuhi tumbo linakaza na kulegea, kiuno kinavuta kama siku za hedhi. Jirani anamwambia ni chango tu, anywe cha moto alale. Nesi wa kliniki angemwambia njoo sasa hivi, hata kama huumwi sana. Haraka yote hiyo ya nini?

Jibu limo kwenye mapafu ya mtoto. Mapafu yana vifuko vidogo mno vya hewa, na kuta zake zina majimaji. Umewahi kufungua mfuko wa nailoni uliolowa? Unavyong'ang'aniana, ndivyo na vifuko hivyo. Mtoto aliyetimiza miezi yake ana utelezi uitwao safaktanti, unaofanya kazi kama sabuni, ili vifuko visinywee anapotoa pumzi. Njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mara nyingi hana wa kutosha, kwa hiyo kila pumzi ni kazi kama ile ya kwanza.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, daktari Graham Liggins wa New Zealand alikuwa akitafuta kinachoanzisha uchungu kwa kondoo. Katika majaribio ya steroidi, dawa za jamii ya homoni, mwanakondoo mmoja akazaliwa mapema mno, umri ambao alipaswa kufa, naye akawa anahema. Mapafu yalikuwa yamewahi kukomaa. Liggins na daktari mwenzake Ross Howie wakaijaribu steroidi kwa akina mama wa Auckland, wakachapisha matokeo mwaka 1972. Ajabu ni kwamba ilipita miaka 20 hivi kabla haijawa jambo la kawaida hata Marekani.

Siku hizi sindano ya steroidi inayotumika sana ni deksamethasoni, "deksa" kwa kifupi: miligramu 6 kwenye msuli wa mama, kila baada ya saa 12, mara 4. Piga hesabu: kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ni saa 36. Tena mapafu hayakomai papo kwa papo. Faida kubwa huja ikishapita kama siku moja tangu sindano ya kwanza. Anayefika njia imefunguka sentimita 8 hana siku hiyo. Anayewahi anaweza kupewa nifedipini (naam, hiyo hiyo ya wazee wenye presha) kutuliza mji wa mimba kwa siku mbili hivi, deksa ifanye kazi na gari la wagonjwa limfikishe penye wodi ya njiti.

Basi nesi mzuri hafundishi kwa bango la ukutani. Anauchukua mkono wa mama na kuuweka juu ya tumbo. "Gusa ncha ya pua yako. Sasa kidevu. Sasa paji la uso." Tumbo likiwa gumu kama paji, likalegea, likarudia kila dakika 10 au chini ya hapo, usingoje maumivu. Chupa ikipasuka, hata kwa matone tu, au damu ikionekana, hakuna cha kuhesabu dakika. Na mkojo ukichoma useme, kwani maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kuuamsha uchungu.

Lakini deksa si ya kuchomwa ovyo. Utafiti uliotoka mwaka 2015, Kenya ikiwemo, uliisambaza hadi ngazi za chini za huduma. Wengi wa waliochomwa hawakuzaa njiti, na vifo vya watoto wachanga kwa jumla vikaongezeka. Mwaka 2020 ukaja mwingine, Kenya ikiwemo tena, safari hii katika hospitali zenye huduma ya njiti, na umri wa mimba umethibitishwa kwa kipimo cha picha. Vifo vikapungua.

Ndiyo maana, kabla hajaligusa bomba la sindano, nesi atakuuliza tena swali ulilokwisha jibu mara tatu: hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe ngapi?