Chembe nano za fedha kutoka kwenye majani: rangi ikibadilika, kazi ndiyo kwanza imeanza

Maabara tunachemsha gramu 10 hivi za majani makavu ya mwarobaini katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa, kisha tunachuja. Yanabaki maji ya manjano hafifu. Tunayamimina kidogo kidogo kwenye myeyusho wa nitrati ya fedha, yaani chumvi ya madini ya fedha, ambao hauna rangi kabisa. Mwanzoni utadhani hakuna kinachotokea. Baadaye manjano inaanza kukolea, inageuka kahawia, na mwishowe chupa nzima ina rangi ya asali mbivu. Nimeiona mara nyingi, na bado huwa nasimama kuitazama.

Kinachotokea humo ni hiki. Fedha iliyoyeyuka huwa katika hali ya ioni, yaani atomi iliyopungukiwa na elektroni moja. Majani yana fenoli na flavonoidi, kemikali zilizo tayari kutoa elektroni. Ioni ikishapewa elektroni inakuwa atomi kamili ya fedha, na atomi hizo hukusanyika kuwa chembe. Protini na viambato vingine vya mmea huzizingira chembe hizo ili zisigandamane na kuwa mabonge. Chembe nano hupimwa kati ya nanometa 1 na 100, na milimita moja ina nanometa milioni moja. Katika udogo huo fedha haing'ai kama pete. Elektroni zake hutikisika pamoja zikipigwa na mwanga, hufyonza mwanga wa zambarau na buluu, na jicho linabakiwa na manjano na kahawia. Dhahabu ya udogo huo hutoa rangi nyekundu: mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliieleza mwaka 1857, na baadhi ya chupa zake za myeyusho huo bado zimehifadhiwa London.

Kwa nini kutumia majani? Kwa sababu njia za kawaida mara nyingi hutumia kemikali kali kama haidrazini, ambayo ni sumu. Majani yanaondoa haja ya kemikali hiyo. Hata hivyo nitrati ya fedha ni ileile, na bado inaunguza ngozi na macho. Watu wakisikia "mmea" hudhani kila kitu kimekuwa salama, sivyo.

Matumaini ya tiba yako hasa kwenye bakteria. Chembe ndogo zina eneo kubwa la nje kwa uzito uleule, hivyo hutoa ioni za fedha kwa urahisi zaidi. Ioni hizo huharibu utando wa bakteria na kunasa kwenye protini zake zenye salfa. Ndiyo sababu bandeji zenye fedha hutumika kwenye majeraha ya moto. Ila zilizoko hospitalini kwa kawaida hazikutengenezwa kwa majani, na hapo ndipo penye ugumu wetu.

Mti mmoja, ukichumwa msimu wa mvua na ukichumwa kiangazi, hautoi viambato sawa. Umri wa jani, udongo na namna ya kukausha vyote vina mchango. Leo unapata chembe za nanometa 20, mwezi ujao zinachanganyika na za 80, na chembe za ukubwa tofauti hufanya kazi tofauti mwilini. Dawa haiwezi kubahatisha hivyo.

Jambo lingine linalonisumbua ni majaribio yasiyo na ulinganisho. Bakteria wamekufa, sawa, nani kawaua? Inawezekana ni maji ya majani peke yake, au ioni za fedha ambazo hazikugeuka chembe. Ni lazima vyote vijaribiwe kando, na chembe zisafishwe kwanza kwa mashinepewa, yaani mashine inayozungusha chupa kwa kasi hadi chembe zitengane na maji. Kisha zipimwe dhidi ya seli za binadamu, maana kinachoua bakteria kinaweza kudhuru ngozi inayojaribu kupona.

Kwa sababu hiyo nasema waziwazi kuhusu maji ya fedha yanayouzwa kama tiba ya kila ugonjwa: usiyanywe. Fedha ikinywewa kwa muda hujikusanya kwenye ngozi, ikaifanya ya buluu ya kijivu, hali iitwayo ajiria, na rangi hiyo kwa kawaida haiondoki. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka kwamba dawa za namna hiyo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala zenye kutibu. Kama umeshaanza kuyatumia, acha, na uende na chupa yenyewe kwa daktari ili asome kilichoandikwa.