Uwiano wa urefu na eneo: dhana potofu na ukweli

Dhana: Pande zikiwa ndefu mara mbili, eneo nalo huwa mara mbili.

Ukweli: Mraba wa upande wa sm 3 una eneo la sm² 9; wa sm 6 una sm² 36, yaani mara nne. Maumbo mawili yakifanana, yaani yakiwa na umbo lilelile hata ukubwa ukitofautiana, uwiano wa maeneo ni kipeo cha pili cha uwiano wa pande.

Dhana: Basi kila swali la eneo, tunapiga kipeo cha pili.

Ukweli: Hapa ndipo wanafunzi wazuri wanapoangukia, nami naiona dhana hii kuwa ya hatari kuliko zote kwa sababu imezaliwa na kanuni sahihi. Chukua pembetatu ABC, weka D juu ya BC ili BD:DC iwe 2:3, kisha unganisha A na D. Wengi huandika kwamba maeneo ya ABD na ADC ni 4:9. Lakini pembetatu hizi kwa kawaida hazifanani kabisa. Kinachoziunganisha ni kimo kimoja kinachoshuka kutoka A, na kimo kikiwa kimoja, maeneo hufuata vitako: 2:3, basi. ABC ikiwa na eneo 40, ABD ina 16 na ADC ina 24. Sasa weka E juu ya AD, AE ikiwa mara tatu ya ED. Geuza macho, tazama kutoka B: ABE na BED nazo zina kimo kimoja, kwa hiyo 16 inagawanyika kuwa 12 na 4. Hatujapima pembe hata moja! Kabla ya kuandika chochote, jiulize: pembetatu hizi zinashirikiana umbo, au kimo?

Dhana: DE ikiwa sambamba na BC, D ikiwa juu ya AB na E juu ya AC, AD:DB = 1:2 hufanya maeneo ya ADE na ABC yawe 1:4.

Ukweli: Zinazofanana ni ADE na ABC, na upande wa ABC ni AB nzima, sehemu 3. Jibu ni 1:9. Trapeza iliyobaki chini ina sehemu 8.

Dhana: Mstari unaogawa pembe nusu kwa nusu hugawa pia upande wa mbele yake nusu kwa nusu.

Ukweli: Hutokea tu pande mbili za pembe hiyo zikiwa sawa. AB ikiwa 6, AC 9 na BC 10, mstari kutoka A unakata BC kwenye D, BD ikiwa 4 na DC 6. Sababu yake inapendeza: D iko umbali uleule kutoka AB na AC, hivyo maeneo ya ABD na ADC ni 6:9, na kwa kuwa kimo kutoka A ni kimoja, BD:DC ni 6:9 pia.

Dhana: Mzingo sawa, eneo sawa.

Ukweli: Mstatili wa 2 kwa 10 na mraba wa 6 vyote vina mzingo 24. Maeneo ni 20 na 36.

Dhana: Swali lisilotoa kipimo hata kimoja halitatuliki.

Ukweli: Likiuliza uwiano tu, chagua eneo mwenyewe. Ile 40 ya juu niliichagua kwa sababu inagawanyika kwa 5. Ningeweka 100, uwiano usingebadilika.