Ngozi nyeusi na jua: tunayoyaamini na yalivyo

"Ngozi nyeusi haiungui." Huungua, ila huchelewa, na wekundu wake hauonekani kirahisi, utasikia joto, mwasho, kisha ngozi itabanduka. Melanini (rangi asilia ya ngozi) ya mtu mweusi sana hukinga takriban kama losheni ya SPF 13 (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya jua). Madaktari wa ngozi hushauri SPF 30 kwenda juu.

"Losheni yoyote ya jua inatosha." Kama shida yako ni madoa, haitoshi. Kwenye ngozi nyeusi hata mwanga wa jua unaoonekana kwa macho huamsha melanini, na losheni nyeupe haiuzuii vizuri. Tafuta yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksidi ya chuma. Hiyo pia haikuachi na uso wa majivu. Kamua mistari miwili, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine cha kati, uipake usoni na shingoni dakika 15 kabla ya kutoka. Ukishinda juani, rudia kila baada ya saa 2. Wengi hupaka nusu ya hapo, halafu wanasema losheni ni feki.

"Saratani ya ngozi haituhusu." Ni nadra kwetu, isipokuwa kwa wenye ualbino, ambao huhitaji kinga tangu utotoni. Lakini melanoma (aina hatari ya saratani ya ngozi) ya watu weusi hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, na jua halihusiki sana. Hapo losheni haisaidii, kagua. Mstari mweusi unaozidi kupanuka kwenye kucha moja upelekwe hospitali.

"Madoa ya chunusi huondolewa kwa ndimu au mkorogo." Ndimu ikikutana na jua huunguza na kuacha doa jeusi zaidi. Mkorogo ni balaa kubwa: mara nyingi huwa na steroidi kali kama klobetasoli, haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), pengine zebaki, ambayo huharibu figo. Steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Ukiiacha ghafla uso unawaka na kutoa vipele. Haidrokwinoni ya muda mrefu huleta weusi wa kibluu mashavuni, mtumiaji anadhani dawa imepungua nguvu, anaongeza. Weusi huo hautoki kirahisi.

Njia salama ya kuondoa madoa ni krimu ya asidi ya azelaiki 15–20%, au adapaleni 0.1% kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku, ukianza mara 2 au 3 kwa wiki. Ngozi ikiwashwa, punguza: mwasho wenyewe huzaa madoa. Mjamzito asitumie adapaleni. Subiri miezi 3.

"Leza ni leza." Kuondoa vinyweleo kwenye ngozi nyeusi, uliza kama mashine ni Nd:YAG ya nanomita 1064. Mwanga wa IPL (mmweko wa taa kali, nao hutumika kuondoa vinyweleo) hunyonywa na melanini ya ngozi yenyewe kabla haujafika kwenye mzizi wa unywele, na ndipo watu wanapotoka saluni na malengelenge.