Hakuna zebaki nyekundu ndani ya cherehani ya bibi yako

Siku hizi mtu akipata cherehani ya zamani ya Singer sokoni Owino au kwa wauza vyuma Katwe, hapa Kampala, haniulizi kama inashona. Ananiuliza kama ina zebaki nyekundu, kitu kinachodaiwa kuwa cha thamani kubwa na cha kutengenezea mabomu ya nyuklia. Nimechoka na swali hili, kwa hiyo leo nalijibu.

Haina, wala haijawahi kuwa nayo. Ukifungua kichwa cha Singer, yaani mashine yenyewe bila meza, utakuta shafti, giya, krenki, bobini na vumbi la nyuzi lililoshikana na mafuta. Hakuna kichupa, hakuna mrija. Uvumi huu uliivuruga Saudi Arabia mwaka 2009, cherehani za kawaida zikatajiwa bei za makumi ya maelfu ya dola. Watu waliambiwa wasogeze simu karibu na sindano. Mtandao ukikatika, basi zebaki imo. Mtandao hukatika kwa sababu nyingi, na sindano si mojawapo. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki nalo limeshasema kitu hicho hakipo.

Kinachoniuma ni vyuma vinavyoharibiwa. Nimeletewa kichwa kilichopasuliwa ubavuni kwa nyundo, namba yake ikianza na EK, yaani kazi ya kiwanda cha Clydebank, Scotland, kilichofungwa mwaka 1980. Nakshi za dhahabu zilikuwa bado zinang'aa. Chuma kile ni cha kutupwa: kikipasuka, kukichomelea ni taabu tupu. Mashine ya kulisha familia ikaishia kwenye mizani ya chakavu! Na anayekuahidi mamilioni kisha akadai kwanza "ada ya kupima" ni tapeli. Usimpe hata shilingi.

Mengine yanayowachanganya wanunuzi nayapitia haraka. Beji iliyoandikwa 1851–1951 haimaanishi mashine iliundwa 1851. Kampuni ilikuwa inaadhimisha miaka 100, na mashine hizo ni za karibu na mwaka 1951. Umri utafute kwenye namba iliyogongwa kwenye chuma, upande wa kulia wa kitako, sehemu ya chini ya kichwa. Namba isiyo na herufi ni ya kabla ya 1900.

Jina kwenye miguu ya chuma halithibitishi kichwa. Miguu ya Singer hubeba vichwa vya Butterfly kutoka Shanghai kila siku, navyo vingi vimefuata umbo la Singer daraja la 15 (aina mojawapo ya Singer), vyeusi vilevile. Butterfly si mashine mbaya, ila usiilipie bei ya Singer. Soma kichwa, uiache meza.

Halafu kuna hii ya "imekufa". Gurudumu linazunguka, sindano imesimama, mnunuzi anaondoka. Kaza kwanza kile kifungo cha katikati ya gurudumu. Hulegezwa wakati wa kujaza bobini na wengi husahau kukirudisha. Kama gurudumu lenyewe limegoma, mara nyingi ni mafuta yaliyoganda, hasa pale mtu alipotia mafuta ya kupikia. Tafadhali, msitie mafuta ya kupikia! Dondoshea mafuta ya taa kwenye matundu yote, iache usiku mzima, kisha ligeuze gurudumu taratibu kuelekea kwako. Likishalegea, futa uchafu na utie mafuta ya cherehani. Usilazimishe kwa koleo.