Wewe Unahesabu Pete, Mimi Nahesabu Mashuti Yasiyopigwa

Jumamosi nimemaliza mazoezi ya kikapu ya vijana hapa Kadutu, Bukavu, nikaenda kunyolewa. Kijana wa mashine akaanza kumsema Dikembe Mutombo, Mkongomani mwenzetu aliyecheza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani: "Koch, Mutombo alikuwa mzuri, lakini hana pete ya ubingwa. Bila pete mtu si gwiji." Wembe ulikuwa shingoni, nikanyamaza. Sasa najibu.

Kama ni pete, Robert Horry, mchezaji wa kusaidia tu, anazo 7, Michael Jordan 6. Haya, mkalisheni Horry kwenye kiti cha Jordan, tuone nani atacheka kwanza. Bill Russell anazo 11, na ni gwiji kweli, ila alipoingia mwaka 1956 ligi nzima ilikuwa na timu 8. Mutombo alifika fainali mara mbili, 2001 na 2003. Ng'ambo ya pili, kwenye timu zilizomshinda, alikuwa Shaquille O'Neal, kisha Tim Duncan. Tuendelee.

Wanaoniudhi zaidi ni wanaomtetea vibaya. Wananitajia hospitali aliyoijenga Kinshasa. Mungu ambariki, lakini hospitali haizuii shuti. Wengine hunirushia namba: amezima mashuti 3,289, wa pili nyuma ya Olajuwon. Wa pili kati ya waliohesabiwa! Ligi ilianza kuandika mashuti yaliyozimwa msimu wa 1973-74, wakati Russell na Wilt Chamberlain, wazimaji wakubwa wa enzi zao, wamekwisha kutundika viatu.

Halafu namba haisemi mpira ulikwenda wapi. Ukiupiga hadi kwa watazamaji, watu wanapiga kelele, na wapinzani wanarudishiwa mpira wao. Russell alikuwa anaugusa tu, uangukie kwa mwenzake. Nina kijana mrefu anayerukia kila danganyo. Mechi iliyopita alizima 4, akajisifu mpaka kwenye pikipiki, lakini kwa kuruka ovyo alituachia vikapu visivyopungua 6. Hivyo hakuna aliyeviandika. Wala hakuna anayeandika shuti ambalo halikupigwa kabisa: mtu anaingia kwa kasi, anamwona Mutombo na mita zake 2.18, anabadili nia, anarudisha pasi nje. Mlinzi wa kikapu anaishi hapo. Ndiyo maana tuzo zake 4 za mlinzi bora wa mwaka zina uzito kwangu kuliko zile 3,289.

Lakini kufunga? Wastani wake haukufika pointi 10 kwa mechi. Gwiji wa upande mmoja wa kiwanja ni gwiji? Siku nyingine nasema ndiyo. Mimi ni Mkongomani, mizani yangu imepinda, na tangu alipofariki Septemba 2024 imepinda zaidi.

Mwaka 2021 ligi ilitaja wachezaji wake 75 bora, kura zikalingana wakawa 76. Mutombo hakuwamo. Nilinuna siku mbili, kisha nikachukua kalamu nimtoe mmoja ili yeye aingie. Karatasi bado iko mfukoni pamoja na filimbi, na sijakata jina hata moja.