Eti timu bora itashinda tu, upange unavyopanga

Kila msimu wa ndondo, soka la mashindano ya mtaani, hakosekani mjumbe wa kamati wa kuniambia: "Wewe panga tu, timu bora itabeba kombe kwa mfumo wowote." Juzi nimeambiwa tena, na msemaji alikuwa anataka timu 11 zigawanywe makundi matatu. Haya, tuongee.

Hesabu kwanza. Timu 16 kwa mtoano ni mechi 15, maana kila mechi inatoa mmoja mpaka abaki bingwa. Ligi ya mzunguko mmoja ni mechi 120. Nyumbani na ugenini, 240. Mwenye uwanja mmoja na posho ya waamuzi ya kuungaunga hana pa kuchagua, na kwa hilo simlaumu mtu.

Kinachonikera ni ile nafasi ya tatu bora, pale makundi yanapopitisha pia baadhi ya walioshika nafasi ya tatu. Kumbukeni AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya Ivory Coast. Mwenyeji alipigwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, akamaliza wa tatu na pointi 3, kocha Jean-Louis Gasset akaonyeshwa mlango. Kwa mfumo wa timu 16 uliotumika hadi 2017, ungekuwa mwisho wao. Lakini tangu 2019 timu ni 24, na kati ya sita wanaoshika nafasi ya tatu wanapita wanne. Tarehe 24 Januari 2024 Moroko ikaifunga Zambia, iliyokuwa ikigombea nafasi hiyohiyo, 1-0, na Ivory Coast ikavuka ikiwa imekaa hotelini. Emerse Faé akaipokea timu, fainali wakaichapa Nigeria 2-1. Guinea ya Ikweta iliyoongoza kundi hilohilo ilitolewa mechi yake ya kwanza tu ya mtoano. Sasa nionyesheni timu bora ni ipi.

Tena kuna hili ambalo watu hawalioni. Kombe la Dunia la 1982, Ujerumani Magharibi iliifunga Austria 1-0, matokeo yakazifaa zote mbili, na Algeria iliyokwisha cheza jana yake ikatoka. Ndiyo maana siku hizi mechi za mwisho za kundi huanza kwa wakati mmoja. Dawa nzuri, ila inatibu ndani ya kundi tu. Zambia, kundi la mwisho, ilishuka uwanjani ikijua sare inaivusha. Kundi A, la Ivory Coast, walikuwa wamemaliza, wamebaki kuomba Mungu.

Turudi kwa timu zetu 11: makundi ya 4, 4 na 3, wanane waende robo fainali, yaani wawili wa juu kila kundi na wawili kati ya watatu walioshika nafasi ya tatu. Wa tatu kwenye kundi la timu tatu ndiye wa mwisho pia! Anaweza kupita bila kushinda hata mechi moja. Na kacheza mbili, wenzake tatu. Utaratibu wa kawaida ni kuwafutia wenzake matokeo dhidi ya aliyeburuza mkia. Hapo aliyemfunga mkia 5-0 anapoteza mtaji wote, na aliyefungwa na mkia anasamehewa. Naitumia hiyo njia, lakini siiamini, na wastani wa pointi kwa mechi siuamini vilevile.

Pendekezo langu: makundi mawili, la 6 na la 5, wawili wa juu waende nusu fainali. Mechi 28 pamoja na fainali. Mweka hazina kasema ni nyingi mno. Sawa, basi mtoano, mechi 10, timu tano zipite raundi ya kwanza bila jasho kwa droo, na atakayetoka siku ya kwanza amtafute yeye, asinipigie mimi simu.